Bingwa Niliyemfukuza Getini

Mlinzi alifungua geti nusu, na kabla sijaingiza pikipiki akatokea mbwa mdogo mwekundu, masikio wima, mkia umeviringika juu ya kiuno kama ngata. Hakubweka. Alisimama akanitazama, paji la uso limejikunja kama la mtu anayejaribu kukumbuka deni.

Nikapiga mguu chini. "Toka! Toka hapa!"

Akarudi nyuma hatua mbili. Akaendelea kunitazama.

Nikamgeukia mlinzi. "Kaka, huyu koko mmemwachaje aingie, na mimi nimeitwa kuchanja mbwa wa watu? Wakiumana itakuwaje?"

Mlinzi akashusha sauti. "Dokta, huyo ndiye mwenyewe."

Ilikuwa Njiro, mtaa wa hapa Arusha, saa tatu asubuhi, masika yamekatika siku chache tu. Wasomaji wa humu mnajua kazi yangu ni ng'ombe: ndigana kali, maziwa yaliyopungua, ndama aliyekwama usiku wa manane. Mbwa huwa nawachanja, basi. Lakini asubuhi ile imenikaa kifuani wiki ya saba sasa. Nimeandika makala mbili za minyoo nikidhani itaondoka. Haijaondoka.

Jina kwenye cheti

Mwenye mbwa ni mama wa Kiholanzi ambaye ameishi Arusha miaka sita. Mkataba wake wa kazi unaisha, anarudi kwao, na chanjo ya kichaa cha mbwa ya huyo mbwa wake ilikuwa imepitwa na muda. Mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hapandi ndege hivi hivi. Awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe, zipite siku 30, damu ichukuliwe na kupelekwa kwenye maabara waliyoiidhinisha wao, kingamwili zifike angalau 0.5 kwa kipimo chao, halafu isubiriwe miezi mitatu. Kwa hiyo mimi na mbwa huyu tulijua toka mwanzo kwamba tutaonana zaidi ya mara moja.

Anaitwa Kito.

Mama aliniletea faili nikague namba ya chipu. Katikati ya karatasi za chanjo nikakuta cheti cha FCI, lile shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lililoanzishwa mwaka 1911. Bingwa wa Kimataifa wa Uzuri. Nikamwomba anieleze. Akasema mbwa hapewi cheti kile mpaka apate pendekezo la majaji mara nne, majaji wawe watatu tofauti, katika nchi tatu tofauti, na kati ya pendekezo la kwanza na la mwisho upite angalau mwaka mmoja na siku moja. Ile siku moja ya nyongeza ilinigusa. Mtu aliyeandika sheria hiyo alitaka uhakika kwamba mnyama hakubahatisha.

Chini ya jina la Kito palikuwa na aina yake: Basenji.

Nikasoma kwa sauti. Nikasoma tena polepole.

"Mama, unajua maana ya neno hili?"

"Najua," akasema, na akatazama chini. "Nadhani wewe unaijua kunizidi."

Ni neno la Kongo, la Kilingala, na ni ndugu wa tumbo moja na neno letu. Basenji. Washenzi. Huko mbwa hawa walitajwa kama mbwa wa watu wa porini, na Wazungu waliowachukua walibeba na jina.

Sihitaji kuwaeleza neno hilo lilifanya nini huku kwetu. Pwani lilikuwa jina la mtu wa bara, yeyote asiyevaa wala kusali kama wao. Walowezi walipofika wakalikuta tayari, limenolewa. Babu yangu alichuma kahawa kwenye shamba la mlowezi upande wa Usa River, na alipotusimulia maisha ya pale hakulitamka. Alisema "lile neno". Na mbwa wetu wa kijijini, kwenye midomo ile ile, waliitwa mbwa shenzi.

Sasa niko Njiro, nimeshika cheti chenye muhuri, na lile neno limekaa mahali pa heshima, pembeni yake limeandikwa bingwa.

Mezani

Niliuliza swali la mtu asiyejua: mbwa anashindaje uzuri? Nani anasema huyu mzuri kuliko yule?

Mama akacheka kidogo, akatoa vikombe kwenye meza ya barazani, akampandisha Kito. Mbwa akajipanga mwenyewe. Miguu ya mbele ikasimama sawasawa chini ya mabega, ya nyuma ikavutwa nyuma kidogo, shingo ikapanda. Ana miaka tisa, ameacha mashindano zamani, lakini meza ilimkumbusha.

"Jaji hashindanishi mbwa na mbwa," mama akasema. "Anashindanisha kila mbwa na maandishi." Kila aina ina maelezo yake yaliyoandikwa. Ya basenji yanasema dume awe na sentimita 43 begani na kilo 11, paji la uso liwe na makunyanzi membamba anaposimamisha masikio, mkia ujiviringe na kulala karibu na paja, na weupe uonekane miguuni, kifuani na nchani mwa mkia.

Halafu akaniambia nimshike kama jaji.

Nina miaka kumi na minne tangu nitoke SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nimeshika mbwa wengi mno. Mkono mmoja kwenye ngozi ya shingo, mwingine na sindano, mwachie, leta mwingine. Hivi alivyonifundisha sikuwa nimewahi. Mkaribie kwa mbele, akuone. Mpe mkono anuse. Inua mdomo utazame meno, yote 42, ya juu yafunike ya chini kidogo kama mkasi. Pitisha vidole nyuma ya masikio, teremka shingoni, sikia bega linavyolala, hesabu mbavu kwa ncha za vidole, shuka mgongoni mpaka mkiani, kagua korodani kama zimeshuka zote mbili. Mbwa wakati wote amesimama. Anajua kwamba anatazamwa na kwamba hakuna atakayemuumiza.

Dakika tatu hivi. Nilipomaliza nilikuwa najua vitu kuhusu Kito ambavyo sivijui kuhusu mbwa wa nyumbani kwangu, niliyemlea toka akiwa kitoto.

Kisha mama akamshusha, akavua viatu, akakimbia naye kwenye majani. Kwenda moja kwa moja, kurudi, kisha pembetatu, ili jaji aone miguu kwa nyuma, kwa mbele na kwa ubavuni. Mchakamchaka ule haukuwa na sauti. Hatua ndefu, mgongo umetulia kama sahani ya maji iliyobebwa na mtu makini.

Nilisimama pale barazani na kitu kikanishika kooni. Mwendo ule nilikuwa naujua.

Ni mwendo wa mbwa wanaofuata ng'ombe barabara ya Namanga, jioni, vumbi jekundu, nimewapita kwa pikipiki labda mara elfu.

Furaha ya haraka

Nilirudi Tengeru nikiwa nimelewa furaha. Pale dukani ninapochukulia dawa nilimwambia kila aliyeingia: koko wetu ni bingwa wa dunia, wenzetu wana vyeti vyao, sisi tunawarushia mawe. Mzee mmoja akaniambia, "Dokta, kwa hiyo huyu wangu ningempeleka Ulaya ningejenga?" Watu wakafurahi. Nami nikafurahi.

Siku 30 zilipotimia nikaenda kuchukua damu, na nikamwambia mama mawazo yangu yote. Nilitarajia ayapokee kwa mikono miwili.

Akatikisa kichwa. "Hapana, dokta. Kufanana si udugu."

Akanieleza, na mimi kama mtaalamu nilipaswa kujua. Basenji ni wa misitu ya Kongo, waliwindia watu wa huko, wakifungwa njuga za mti shingoni kwa sababu hawabweki na mwindaji angewapoteza vichakani. Koo lao limeumbwa tofauti. Hutoa sauti kama ya mtu anayeimba akiwa usingizini. Jike lao kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, wakati majike wengi wa mbwa huingia mara mbili. Mbwa wetu wa Arumeru hubweka usiku kucha na huzaa wanavyozaa. Mkia uliojiviringa na rangi nyekundu utavikuta kwa mbwa wa vijijini kila pembe ya dunia.

"Ukimwita basenji," akasema, "unamnyang'anya alichonacho, unampa cha mwenzake."

Niliendesha pikipiki kurudi na chupa ya damu kwenye kibaridi, nikijisikia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Na hapo ndipo jambo lilipoanza kunila kweli.

Kwa nini nilikihitaji kile cheti?

Mbwa wale wa barabara ya Namanga walikuwa wakipita mbele yangu na mwendo ule ule miaka yote. Sikuuona. Niliuona siku nilipoambiwa, kwa karatasi kutoka Ulaya, kwamba mwendo wa namna ile una thamani. Na jambo la kwanza nililolifanya baada ya kuuona ni kutafuta njia ya kuwapachika wetu kwenye karatasi ile.

Sijapata jibu linaloniridhisha. Ninaloweza kusema ni kwamba iliniuma zaidi ya kule kumfukuza Kito getini.

Daftari lililofungwa

Nikaanza kusoma usiku. Mke wangu alidhani nasomea mtihani.

Maonyesho makubwa kuliko yote ya mbwa Uingereza, Crufts, yalianzishwa London mwaka 1891 na Charles Cruft, mtu aliyekuwa akifanya biashara ya biskuti za mbwa. Mwaka 1895 waliletwa mbwa kutoka Kongo, watu wakaja kuwashangaa. Hawakukaa sana, waliuawa na distempa. Ugonjwa huo mnaujua, ndio unaomaliza vitoto vya mbwa huku Meru kila mwaka, na ndio ulioua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mpaka wakaletwa basenji wengine waliodumu, na walipooneshwa Crufts mwaka 1937 umati ulijazana kwenye vizimba vyao.

Kutoka kwa wachache hao, Uingereza na Marekani zikajenga ukoo. Na ukoo ukaandikwa kwenye daftari, na daftari likafungwa: mbwa ambaye wazazi wake hawamo, naye hayumo.

Mfugaji yeyote wa mbuzi angewaambia kitakachotokea. Ukipandisha ndani ya zizi moja, kizazi baada ya kizazi, ugonjwa uliojificha unapata njia. Kwanza ukaja upungufu wa damu wa kurithi. Wakawaondoa kwenye uzazi wale waliobeba kasoro hiyo, na kwa kufanya hivyo zizi likazidi kuwa dogo. Halafu ukatamba ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao mbwa anakojoa sukari na chumvi za mwili wake mpaka anakwisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapenzi wa basenji kutoka Marekani wakafunga safari mpaka kaskazini mashariki ya Zaire, jina la Kongo wakati ule, wakaingia vijijini, wakatazama mbwa waliokuwa wamelala kwenye majivu ya jikoni. Wakachagua. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikakubali kulifungua daftari, na mbwa 14 wasio na cheti, wasio na babu aliyeandikwa popote, wakaingizwa humo ili kuokoa damu ya mabingwa.

Nilisoma sehemu hiyo nikaamka nikaenda nje. Mbwa wangu alikuwa amelala kwenye gunia. Nikakaa naye.

Siandiki haya kusema maonyesho ni upuuzi. Mimi ni daktari na kuna mambo ya huko yananikasirisha: bulldog wa Kiingereza wameandikiwa kichwa kikubwa na pua iliyobonyea mpaka wengi wao wanazaliwa kwa kupasua, na wanakoroma wakiwa macho kwa sababu hewa haina pa kupita. Aliyeandika maandishi yale na majaji waliozawadia sura ile wana la kujibu. Lakini maandishi ya namna hiyo hiyo ndiyo yaliyomtunza Kito akabaki na miguu ya mbwa wa msituni. Na mikono ile mezani, ule ukaguzi wa taratibu kuanzia meno hadi mkia, sitakubali mtu aniambie ni mchezo wa matajiri. Ni uchunguzi bora kuliko ninaoufanya mimi shambani.

Safu ya tano

Daftari langu la chanjo lina safu saba. Tarehe, mwenye mbwa, kijiji, jinsia, aina, umri, namba ya chanjo. Safu ya tano ni ya aina. Nilipekua madaftari ya nyuma niliyonayo kabatini, kurasa kwa kurasa: kienyeji, kienyeji, kienyeji. Baada ya mistari michache nilikuwa naweka alama ya kurudia tu.

Sababu ipo na si mbaya. Ili kichaa cha mbwa kikatike kwenye eneo inatakiwa mbwa asilimia 70 wawe wamechanjwa, na ugonjwa ule ukishaonesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Nimemwona mtoto mmoja, mara moja, sitaki kumwona wa pili. Kwa hiyo siku ya chanjo unakimbizana na idadi. Watoto wanakuja na mbwa kwenye kamba za katani, wengine wawili wawili, wengine wamembeba kitoto ndani ya sweta. Wazazi wanabaki nyuma. Jirani zangu Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi hawamgusi kwa sababu mate yake ni najisi kwao, na hilo naliheshimu. Sisi wengine hatuna katazo lolote na bado hatumgusi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kijiji kimoja kuelekea Oldonyosambu. Nilikuwa na msaidizi mwenye haraka na jua kali. Mbwa wa ishirini na kitu aliletwa na kijana wa miaka kumi hivi, dume jekundu, kifua cheupe, mwaka mmoja na ushee.

Sijui kwa nini yeye. Labda ni ule mkia.

Nikamwambia kijana, "Mtembeze. Nenda naye mpaka kwenye ule mgunga, urudi mchakamchaka."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akakimbia. Mbwa akakimbia pembeni yake, miguu imenyooka vizuri kabisa, lakini kichwa kimeinama upande mmoja na hakiinuki.

Nikapiga magoti. Nikampa mkono anuse. Nikatazama meno, yako sawa. Nikapitisha vidole nyuma ya masikio, nikateremka shingoni, na chini ya manyoya vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, chembamba, kimezunguka shingo nzima, na ngozi imeota juu yake.

Waya. Alifungwa akiwa kitoto, akakua, hakuna aliyemfungua.

Kwa jicho usingeuona, manyoya yalikuwa yameziba. Ningemshika ngozi ya mgongoni, ningemdunga, ningeandika kienyeji, angeondoka.

"Nani alimfunga?" nikauliza.

"Mimi," kijana akasema. "Alikuwa mdogo. Nilimfunga asipotee." Midomo ilianza kumtetemeka.

"Sikukasirikii, mdogo wangu. Mshikilie kichwa. Ongea naye."

Nikampa mbwa dawa ya kumtuliza na ya ganzi, nikatoa plaizi kwenye kisanduku cha pikipiki, nikaichemsha kwenye sufuria ya mama muuza chai. Msaidizi wangu alikuwa anatazama saa, foleni inarefuka, kisha akaacha kutazama akaja kunishikia taa ya simu. Ilichukua karibu nusu saa. Kijana alikuwa anaongea na mbwa wake kwa Kimaasai muda wote, taratibu, bila kukatiza.

Siku ile tulichanja mbwa wachache kuliko tulivyopanga, na Jumatatu niliulizwa. Nilijibu. Tutarudi Jumamosi ijayo kumalizia, kwa mafuta yangu.

Jana nilipita tena pale kukagua kidonda. Kimekauka vizuri. Kijana alinisubiri kwenye mgunga kabla sijazima pikipiki, na bila kuambiwa akaanza kukimbia, mbwa pembeni yake, kichwa juu.

Nikamwomba arudie. Kidonda nilikuwa nimeshakiona. Nilitaka kuuona mwendo.